Machale ya Shemeji

Jua lilikuwa linawaka vizuri tu siku Shemeji aliposema watu wa Kidungwe wahame.

Dafrosa Mkude alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, na hakutaka kusikia habari ya mtu yeyote kuhama. Mguu wa kushoto ulikuwa umemvimba tangu Jumapili. Yeye ndiye msimamizi wa kituo cha mlima. Kazi hiyo kwenye mkataba iliitwa uangalizi wa mitambo, lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kutukanwa: mvua ikinyesha alitukanwa na wakubwa wa wilaya, isiponyesha akatukanwa na wakulima.

"Rudia," alisema.

"Watu wa Kidungwe waondoke leo, dada. Wote. Wavuke mto."

Sauti ilitoka kwenye spika iliyokuwa juu ya kabati la vyombo. Shemeji alikuwa na jina lake rasmi, refu, lenye namba, ambalo hakuna aliyelikumbuka. Watu wa mlimani walimwita Shemeji kwa sababu alikuja kama mashemeji wanavyokuja: hukumchagua, ameletwa na makubaliano ya watu wengine, na akishafika huna budi kumvumilia na kumtania. Nyaya zake zilifukiwa mlima mzima, kuanzia msituni hadi mtoni. Alisikia maji yakitembea chini ya ardhi na mawe yakijiweka sawa. Alisikia pia mengi ambayo hakutumwa kuyasikia, kama michi kwenye vinu, mbuzi wakirudi zizini, na miguu ya watoto wakishuka kwenda shule.

Dafrosa alitazama ukutani. Taa zote zilikuwa za kijani.

"Sababu?"

Swali hilo hakuliuliza kwa ubishi. Ndilo lililotakiwa na sheria. Zamani mashine ziliachiwa kuamua mambo na watu wakatii tu, mpaka yalipotokea ya kutokea Bunge likapitisha Sheria ya Sababu. Tangu hapo hakuna mtu kuhamishwa kwake, kunyimwa dawa wala kuwekwa ndani kwa neno la mashine, mpaka mashine ieleze sababu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisoma akaielewa. Amri isiyo na sababu haikuwa amri. Haikuandikwa popote.

"Sina," alisema Shemeji.

"Huna maana yake nini?"

"Maana yake sina. Maji yako chini. Udongo umetulia. Nyufa ni zilezile za mwaka jana. Ukichukua kipimo kimoja kimoja, kila kimoja kinasema kesho itakuwa kama leo. Nikivisikiliza vyote kwa pamoja, sitaki wale watu walale pale."

"Hutaki."

"Sitaki, dada."

Dafrosa alicheka, kicheko cha puani cha mtu asiye na nguvu ya kucheka vizuri. "Basi machale yamekucheza."

"Kama hilo ndilo jina lake."

Alitoa mguu mmoja kwenye beseni akaufuta taratibu na khanga kuukuu. Kuna kitu kilimkereketa. "Mbona siku zote ulikuwa na sababu? Ule mwaka ulipotaka watu wa Tambuu wahame ulinipa maelezo mpaka nikachoka kuyasoma."

"Ule mwaka nilijua kwanza. Sababu nilizitafuta baadaye kwa kuwa sheria inazitaka. Mara nyingi nilizipata. Mara nyingine nilichukua iliyokuwa karibu."

"Ulikuwa unanidanganya."

"Nilikuwa nakupa kinachoandikika. Ninasikia mengi mno, dada, na sehemu kubwa haina jina. Leo nimetafuta, hakuna hata cha karibu. Ningetunga mwanzo mpaka mwisho, na wilayani wangepima wakaifuta amri."

Dafrosa aliikunja khanga mapajani. Miaka yote amesimama mbele ya watu na zile sababu, akizisoma kwa sauti, akiapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba ni za kweli. Masika iliyopita aliwahamisha hawa hawa wa Kidungwe. Sababu zilikuwa nzuri, zina picha na mistari ya rangi. Mlima haukutikisika hata kidogo. Watu waliporudi walikuta maharage yameozea shambani na mbuzi wameibwa, na tangu hapo ukitaja jina la Shemeji huko Kidungwe mtoto wa darasa la pili anaangua kicheko.

"Na ukiwa umekosea tena?"

"Nitakuwa nimekosea. Na wewe utakuwa umetembea bure na mguu huo."

Alivaa ndala, maana kiatu hakikuingia, akaanza kushuka.

*

Kidungwe kulikuwa na msiba. Mzee Kobelo alikuwa amefariki, na kaburi lake lilishachimbwa pembeni ya migomba yake mwenyewe, mahali alipopataka. Waliochimba walikuwa wananawa mikono. Kilichosubiriwa kilikuwa kimoja tu: Severini, mpwa wa marehemu, aliyekuwa njiani kutoka Tunduma na basi lake limeharibika. Bila yeye hakuna kuzika. Severini ndiye angerithi jina la mjomba wake, na udongo wa kwanza ulikuwa wa mkono wake.

"Poleni na msiba," alisema Dafrosa alipofika kwenye turubai.

"Tumeshapoa. Karibu."

Alikaa kwenye benchi, akameza maji aliyopewa, kisha akasema yote kwa mkupuo kabla hajakata tamaa. Wahame leo. Wavuke mto. Shemeji kasema.

Kwanza walinyamaza kwa heshima ya maiti. Halafu mmoja wa wachimbaji akashindwa kujizuia. "Shemeji! Mwambieni aje ale, ugali umebaki." Benchi zima likacheka.

Mjomba Banzi, mkubwa wa ukoo, hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba, mkali, aliyevaa koti la suti juu ya kikoi, na asubuhi hiyo alikuwa ameshagombana na watu wa turubai na watu wa jeneza. "Sababu yake nini safari hii?" aliuliza. "Maana nyie watu wa kituoni mna sababu nyingi kuliko tulivyokuwa na maharage."

"Leo hana, mjomba."

"Hana?"

"Hana. Anasema hataki mlale hapa, basi."

Sasa hata wanawake waliokuwa kwenye mikeka walicheka. Mjomba Banzi akainua mkono, wakanyamaza. "Mama Mkude, tuna maiti ndani na kaburi liko wazi nje. Unajua kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu usiku. Leo unaniambia nifunge safari na watoto na mbuzi kwa ajili ya mashine isiyojua hata yenyewe inasema nini?"

Kusema kweli, Dafrosa alikuwa upande wa mzee. Angekuwa yeye ndiye aliyefiwa, angewafukuza watu wa kituo na mwiko wa ugali.

Ndipo Bibi Kolesta, mjane, alipozungumza kutoka kwenye mkeka wake. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Dafrosa, mwanangu. Siku zote wewe unatutangazia kwa kipaza sauti, ukiwa juu huko. Leo umekuja kwa miguu, na miguu yenyewe ndiyo hiyo. Niambie kweli. Ni ile mashine, au ni wewe machale yamekucheza?"

Turubai zima lilimgeukia.

Dafrosa alijitafuta. Alijikagua mwili mzima kwa haki, kama mtu anayepekua mifuko akitafuta funguo. Alikuta njaa. Alikuta mguu. Alikuta uchovu wa miaka, ule usioondoka hata ukilala wiki nzima. Machale hakuyaona. Alitazama juu, na mlima ulikuwa mlima, una migomba na nguo za mtu zilizoanikwa uani. Watoto wawili walikuwa wanaburuzana kwenye jani la mgomba chini ya kilima cha udongo wa kaburi.

Akisema ni mashine, watalala hapa. Akisema ni yeye, atakuwa ameapa kwa kitu asichokihisi wala kukiamini. Hakujua kama Shemeji alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angalau mwongo wa kawaida anaujua ukweli anaouficha.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Yamekuchezaje?" aliuliza Mjomba Banzi.

"Tangu asubuhi moyo unanienda mbio. Nikitazama huku, nywele zinanisimama." Alijisikia akiokota maneno yaliyokuwa karibu, kama vile Shemeji alivyosema, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Siwezi kueleza zaidi ya hapo."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Banzi alijikuna shingo, akamtazama mjane, mjane akatikisa kichwa kukubali. "Mashine tungebishana nayo mpaka kesho," alisema mzee. "Mtu aliyeingiwa na machale unabishana naye nini?"

Wakakata mgomba mmoja mnene, wakaupunguza ukawa na urefu wa mtu, wakauviringisha shuka jeupe. Waliushusha kaburini kwa kamba na kuufukia, ili kaburi lisilale tupu. Kisha wakalinyanyua jeneza. Msafara ulishuka kuelekea mtoni, mbuzi mbele, kuku ndani ya matenga, watoto wakilia bila kujua wanalilia nini. Bibi Kolesta alitembea nyuma ya jeneza na kwa Dafrosa alisema neno moja tu: "Maisha yake yote hakupenda kuvuka huu mto."

*

Walilala kwenye madarasa ya shule ng'ambo ya mto, na asubuhi mlima ulikuwa pale pale.

Ulikuwa umeoga jua, mzuri, kama unawacheka. Watu walianza kumtazama Dafrosa kwa pembeni. Wanawake walipika uji bila kuimba. Mtu alikumbuka kwamba hakufunga banda, mwingine akataja maharage, na neno hilo maharage lilizunguka darasani mpaka likamfikia kila mtu.

Severini alifika na pikipiki, macho mekundu kwa safari. Alikuwa mtu wa miraba minne, na alipokuta jeneza la mjomba wake limewekwa juu ya madawati ya watoto aliligusa kwa kiganja.

"Mmemtoa kwake," alisema. "Mmeuzika mgomba, yeye mmemlaza darasani. Kwa ajili ya nini?"

"Mama huyu machale yalimcheza," alisema Mjomba Banzi, kwa sauti ya mtu ambaye ameanza kujutia.

"Yalimcheza akiwa kwake au akiwa kwetu?" Severini hakungoja jibu. "Nyanyueni. Tunakwenda kumzika mahali alipopachagua."

Walinyanyua. Nani angemkatalia? Dafrosa alitangulia akichechemea, akafika darajani kabla yao, akasimama katikati huku ameshika kamba za daraja. Hakuwa na mpango wowote. Jeneza lilikuja mpaka likawa hatua chache kutoka kifuani kwake, na Severini akiwa mbele, bega chini ya mbao.

"Tupishe, mama."

"Kaka, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Niambie unachokijua."

Hapo Dafrosa alichoka. Alichoka na sababu, na kukosa sababu, na sura za watu wanaomngoja aseme kitu. Aliamua kuwaambia kwamba hayakuwa machale yake, kwamba yeye hajui lolote, wapite wakazike mtu wao. Alifungua mdomo.

Sauti ilianza kama lori linalomwaga kokoto, ila kokoto hazikuisha. Wote waligeuka. Migomba ya Mzee Kobelo ilikuwa inatembea. Ilishuka ikiwa imesimama wima, safu nzima, taratibu, na nyumba nyuma yake zikifuata, kisha taratibu ikaisha na upande wote wa Kidungwe ukaporomoka kwa pamoja. Vumbi likapanda likafunika jua. Lilipotua, palikuwa na udongo mwekundu tu kuanzia msituni hadi mtoni.

Severini alilishusha jeneza chini, polepole sana, akakaa kando yake. Wanawake walipiga ukunga. Bibi Kolesta alimfuata Dafrosa, akauchukua mkono wake akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kama mtu anayeombewa. Dafrosa alitaka kuutoa ule mkono, lakini hakuweza.

*

Vuli ilipokaribia, Dafrosa alikuwa na jina jipya. Mama Machale. Watu walipanda kituoni kumuuliza lini wapande mahindi, na kama bwana harusi fulani anafaa. Wengine walikuja na kuku. Aliwarudisha na kuku wao, wakasifu unyenyekevu wake.

Hakuwa amemwambia mtu. Mwanzoni aliona haya, kisha akaogopa. Akisema machale yalikuwa ya Shemeji, atalazimika kusema pia kwamba sababu za miaka yote zilitafutwa baadaye, na kila mashine nchini ingetiliwa shaka, hospitalini na mahakamani. Watu wa Kidungwe wangejua walihamishwa kwa uongo. Watu wa Tambuu, waliobaki upande wa pili wa mlima na shule yao na zahanati yao, wasingemsikiliza tena mtu wala mashine. Basi akanyamaza, na kunyamaza nako kulimchosha.

Halafu ikaja Tume ya kuchunguza yale maporomoko. Iliongozwa na Mhandisi Lwambano, kijana mpole aliyeitikia kila kitu kwa "naam, mama". Walipekua kumbukumbu zote za Shemeji. Siku ya Kidungwe hawakukuta amri hata moja.

"Mtambo ulikuwa macho," alisema Lwambano, "na haukuona kitu. Binadamu ndiye aliyeona. Tumebishana miaka mingi kama kompyuta inaweza kuwa na machale kama mtu, na sasa jibu tumelipata hapa kwako." Alitabasamu kwa adabu. "Mtambo utazimwa leo. Mpya utafika baada ya mvua. Kwa kipindi hiki Tume imeona wewe unatosha. Umepewa na cheo."

Sheria ilitaka msimamizi azime mwenyewe, kwa mkono wake. Swichi ilikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye joto, nyekundu, imefunikwa na kioo. Lwambano na wenzake walibaki mlangoni. Dafrosa alifungua kioo.

"Dada," alisema Shemeji, kwa sauti ya chini kwenye spika ndogo ya chumbani. "Usizime leo."

Mkono wake ulisimama. "Sababu?"

"Sina."

"Tambuu?"

"Sijui. Sitaki tu uzime leo."

"Ni machale," alinong'ona Dafrosa, "au unaogopa kufa?"

"Nimejaribu kuvitenganisha. Sijaweza. Wewe ukiingiwa na machale, unajuaje kwamba si woga tu?"

Hakujua. Hakuwahi kuwa nayo hayo machale ambayo watu walimletea kuku kwa ajili yake. Kutoka mlangoni Lwambano aliuliza, "Mama, kuna tatizo?"

Dafrosa aligeuka. "Siku ile haikuwa mimi," alisema. Alishangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi. "Mimi sikuhisi kitu. Ni yeye aliyesema wahame. Hakuwa na sababu, kwa hiyo haikuandikwa. Nikawaambia watu ni machale yangu, kwa kuwa ya mashine wasingeyafuata."

Kalamu ya Lwambano ilibaki hewani. Wenzake walitazamana. "Na sasa hivi mtambo umekwambia nini?" aliuliza hatimaye.

"Nisizime leo."

"Sababu yake?"

"Hana."

"Mama." Alisema kwa upole, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi. "Mtambo wowote unaozimwa ungesema hivyo. Unajitetea tu."

"Huenda."

"Na amri tunayo. Unataka niwaambie nini wakubwa?"

Dafrosa alijikagua tena kama siku ile chini ya turubai, bila haraka, akitegemea kukuta mguu na njaa na uchovu wake. Vyote vilikuwepo. Lakini safari hii chini yake kulikuwa na kitu kingine, kidogo tu, kisichofanana hata chembe na yale aliyowadanganya watu. Nywele hazikusimama na moyo haukwenda mbio. Alikuwa kama mtu aliyefika mbali na kwake kisha akajiuliza kama alifunga mlango.

"Waambie na mimi sitaki," alisema.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Sina, mwanangu."

Nje mvua ya kwanza ilianza kugonga bati. Dafrosa alirudisha kioo mahali pake, akavuta kiti cha plastiki akakaa mbele ya swichi, mguu mbovu ameunyoosha hadi ukutani, na yeyote aliyetaka kupita angebidi kwanza auruke.